Kenta ya Samaki Iliyogeuka Studio

Kila anayesikia kuwa nina studio ndani ya kenta hutaka kuingia ndani aimbe. Nikimfungulia huona meza, spika mbili, viti viwili na kiyoyozi kidogo, kisha huuliza swali lilelile: "Sasa waimbaji wanakaa wapi?" Hawakai humo. Wanakaa barazani kwao, au skuli, au kwenye nyumba ya mawe tuliyoazimwa kwa usiku mmoja. Gari hukaa mbali kidogo, limezimwa, na kebo inapita dirishani. Hilo moja tu, kwamba gari ni la kusikilizia na si la kuimbia, ndilo lililoamua ninunue gari gani, nililipe nini na nisilifanye nini.

Sababu ni watu wenyewe. Kundi la kidumbaki, dogo kabisa, lina fidla, vidumbaki viwili, sanduku (besi ya boksi la mbao na uzi mmoja), mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa, mwimbaji na waitikiaji. Wabane hao ndani ya boksi la kenta na utapata joto, viwiko na lawama. Kikundi cha taarabu cha asili hakifikiriki. Na kibati cha Pemba ndiyo kabisa: maneno yanarushwa kwa kasi, huyu anampokonya yule, na nusu ya ladha yake ni kelele za wanaosikiliza. Ukimtoa mtu wa kibati katika kundi lake ukamfungia kwenye kijichumba na hedifoni masikioni, umerekodi mtu anayesoma maneno.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alikwenda Bombay kurekodiwa santuri, kwa kuwa mashine zilikuwa huko. Karibu miaka mia imepita, mashine sasa inaingia kwenye begi la mgongoni, na bado mwimbaji wa Micheweni, Pemba, ndiye anayesafiri. Anapanda boti, analala kwa jamaa Mjini Unguja, anaambiwa aimbe peke yake juu ya mdundo wa kompyuta, anarudi na wimbo ambao wenzake hawautambui. Mimi nilikuwa upande wa kompyuta katika studio za namna hiyo kwa muda mrefu, na nilichoka kuona nyuso za watu wazima wakisikilizishwa sauti zao kama za wageni.

Wazo la gari si geni. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa asili, alizunguka nchi nyingi za Afrika, Tanganyika ikiwamo mwaka 1950, akibeba vyombo vyake vya kurekodia. Ulaya, bendi ya roki ya Rolling Stones walitengeneza lori lao la studio mwishoni mwa miaka ya 1960, na lori hilo ndilo lililorekodi onyesho la Bob Marley pale Lyceum, London, Julai 1975. Kisa chake kinachonipendeza zaidi ni cha Desemba 1971, pale Montreux, Uswisi. Ukumbi ambao bendi nyingine, Deep Purple, walikusudia kurekodia uliungua moto, wakahamia hoteli iliyofungwa kwa msimu wa baridi. Wanamuziki walipiga kwenye makorido ya hoteli, magodoro yakiwa yameegemezwa kutani, na lori likiwa nje na waya zake. Hoteli ndiyo ilikuwa studio. Nilipokisoma kisa hicho niliacha kutafuta gari kubwa.

Zilikuwapo njia nne. Rafiki yangu mmoja alitaka tununue moja ya zile Bedford kongwe za bodi la mbao, zilizokuwa zikibeba abiria na magunia kutoka shamba. Ni nzuri kwa picha, sikatai, lakini bodi la mbao lina viungo mia na kila kiungo kina lake la kusema. Kosta lilikuwa rahisi kupatikana, ila ni madirisha matupu: sauti inaingia, jua linaingia, na ukiyaziba yote umenunua kioo ili ukifunike. Kenta ya wazi ingetaka bodi jipya zima. Ikabaki kenta ya boksi, na ya boksi iliyopatikana ilikuwa ya friji, iliyobeba samaki kutoka Mkokotoni hadi Malindi ya Mjini kwa miaka mingi. Ilisimama kwenye gereji moja Mwanakwerekwe, mtambo wake wa ubaridi umekufa zamani.

Muuzaji alitugongea bodi kwa kiganja. "Hii ya friji, sheikh. Haipitishi hata sauti."

Hapo panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu wengi hunaswa papo hapo. Ukuta wa friji ni povu gumu lililobanwa kati ya ngozi mbili nyembamba za faiba. Povu lile linazuia joto kwa sababu limejaa vijifuko vya hewa, yaani kwa sababu ni jepesi. Sauti inazuiwa na kinyume chake: uzito. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapunguza sauti inayopenya kwa kiasi cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, na ukuta mwepesi kama ule hutetemeka wenyewe ukawa ngoma. Niliweka simu ndani ikipiga muziki, nikafunga mlango, nikazunguka gari. Maneno ya wimbo niliyasikia yote. Muuzaji akasema ni kwa sababu raba ya mlango imechakaa. Ilikuwa imechakaa kweli, lakini sauti ilikuwa ikitoka ubavuni.

Hata hivyo gari hilo ndilo nililolitaka, kwa ajili ya joto. Nitalirudia.

Kabla ya kutoa pesa nilimchukua fundi mmoja mtu mzima, ambaye sote pale mtaani tunamwita Ami. Alikuja na nyundo ndogo na kipande cha kadibodi cha kulalia. Nilimwambia kuwa muuzaji anasema chesisi imepakwa rangi karibuni kwa ajili ya usafi. "Mwanangu," akasema, "mtu hapaki rangi chini ya gari kongwe bila ya jambo." Akaingia chini akaanza kugonga. Chuma kizima kinalia, kina mlio wa juu unaokatika vizuri. Chuma kilicholiwa kinajibu kwa sauti ya bati lenye mchanga. Kazi yangu ni masikio, lakini siku ile nilikuwa mwanafunzi. Aligonga toka mbele hadi nyuma, na nyuma kabisa, kwenye mhimili wa mwisho chini ya mlango, sauti ikafa.

Sababu ni samaki. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatafuta tundu la kutokea, na tundu hilo humwagia chesisi pale pale kila siku. Hewa ya bahari inakula gari lolote visiwani, ila gari la samaki linanyweshwa chumvi kwa mkono. Kwa hiyo ukinunua gari la namna hii anzia nyuma, chini ya matundu ya maji, kisha mabano ya springi, kisha sehemu ya juu ya chesisi pale bodi linapokaa, ambako unyevu hunasa na jicho halifiki. Mhimili ule mmoja ulikatwa ukachomelewa mwingine. Ungekuwa umeoza mkono mrefu wa chesisi, Ami asingekubali tuendelee, na mimi nisingebishana naye.

Injini haikunipa mawazo. Ilikuwa 4D33, dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, na hizo kila fundi kisiwani anazijua. Tuliiwasha ikiwa baridi, tukafungua kifuniko cha oili kuona kama inapumua moshi, tukaangalia namba ya injini na ya chesisi kama zinalingana na kadi. Jambo lenye maana zaidi kwangu lilikuwa umeme: gari lile, kama kenta nyingi za Japani, linatumia volti 24. Mifumo mingi ya sola na inveta inapatikana kwa volti 24, na waya zake huweza kuwa nyembamba kuliko za volti 12 kwa kazi ileile. Kabla ya kuchomelea chochote nilikwenda kuuliza taratibu za kubadili bodi na matumizi ya gari. Nawaombeni mfanye hivyo mapema, maana gari lililobadilishwa kwanza halafu likaulizwa baadaye humchosha mtu kwenye foleni.

Pesa nyingi zilitoka baada ya ununuzi. Gari lenyewe halikufika nusu ya gharama yote.

Sasa habari ya uzito. Ndani ya boksi mlikuwa na urefu wa mita 4.1, upana mita 1.75, na kimo mita 1.9. Kuta, dari na sakafu pamoja ni kama mita za mraba 36. Kila aliyenishauri alisema nibandike plaiwudi ya milimita 18, matabaka mawili, kuzuia sauti. Plaiwudi hiyo ina uzito wa kilo 12 hivi kwa mita moja ya mraba, hivyo matabaka mawili ni zaidi ya kilo 860, kabla ya meza, betri na mtu. Kwa kenta ya tani mbili hiyo ni karibu nusu ya mzigo, tena uko juu, na barabara za Pemba ni kupanda, kushuka na kona.

Badala yake nikanunua kebo. Sauti nje, mahali pa wazi, inapungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Gari likiegeshwa mita 5 kutoka kwa wapigaji ngoma, kisha likasogezwa mpaka mita 40, umeongeza umbali maradufu mara tatu: desibeli 18 zimeondoka bila msumari hata mmoja. Kebo yangu ya maiki ina mita 60. Kila maiki ina nyuzi mbili zinazobeba mawimbi yaleyale yaliyopinduliwa, hivyo uchafu unaoingia njiani unajifuta mwishoni, na urefu huo si tatizo. Plaiwudi niliweka tabaka moja tu, kwenye kuta za mbavu, ili zisitetemeke.

Tatizo la ndani lilikuwa jingine, na hili sikulisikia mpaka nilipoweka spika. Noti fulani za besi zilivimba, nyingine zikapotea. Sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde katika joto letu, na chumba hujibu kwa nguvu pale mawimbi yanapoenea sawasawa kati ya kuta mbili. Upana wa mita 1.75 unajibu kwenye hezi 99 (mitetemo 99 kwa sekunde), kimo cha mita 1.9 kinajibu kwenye hezi 91. Namba hizo zimekaribiana mno, hivyo zinasaidiana kuharibu, na papo hapo ndipo sanduku la kidumbaki linapokaa. Katika spika zangu lile sanduku lilikuwa jitu.

Trei za mayai ambazo utaziona kwenye studio nyingi za mitaani hazisaidii hapa. Zinagusa sauti nyembamba za juu tu. Wimbi la hezi 95 lina urefu unaozidi mita tatu na nusu, halijui kama trei ipo. Unahitaji kitu kinene, chenye nyuzi, kinene tena. Nikaenda kusini mashariki ya kisiwa, kwa kina mama wanaofukia makumbi ufukweni yakakaa miezi hadi yakalainika, wakayapiga wakatoa usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Bi mmoja aliniuliza ninasokota kamba ya urefu gani hata nitake magunia yote yale. Nikamwambia ni ya kuweka ukutani ili muziki usivume. Akamtazama mwenziwe. "Haya mwanangu, pesa ni yako."

Usumba ule nililoweka kwanza kwenye maji ya boraksi ukakauka juani, kwa sababu mkavu unashika moto upesi na ndani ya gari kuna umeme. Nikaushindilia kwenye fremu za mbao, nikavisha kitambaa cha marikani, nikaziba pembe zote nne kuanzia sakafuni hadi darini, unene wa kiasi cha mkono mzima kukunjuliwa. Kiti nikakiondoa katikati ya chumba. Besi haikunyooka kabisa, chumba kidogo hakinyooki, lakini sanduku limerudi kuwa sanduku.

Na harufu. Tuliosha kwa siki, tukang'oa sakafu, tukaacha milango wazi juani wiki kadhaa. Povu la sakafu lilikuwa limelewa maji upande wa nyuma. Unalijua kwa kuligonga, linajibu zito na halina mwangwi. Lilikatwa likatupwa. Bado siku za mvua utajua gari lilikuwa na kazi gani. Shangazi mmoja wa kikundi cha taarabu aliingia kusikiliza alichokiimba, akatoka bila kusema, akarudi na chetezo cha udi. Tangu hapo chetezo kimo kwenye orodha ya vifaa.

Umeme ndio uti wa mgongo. Sisi wa Unguja hatuhitaji kuhadithiwa: Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Kutoka hapo kila mwenye uwezo alitafuta jenereta, na jenereta ya jirani ndiyo adui wa kwanza wa kurekodi. Yetu sikuitaka kabisa. Nina betri za lithiamu za volti 24, zinazobeba takriban kilowati-saa 2.5. Kompyuta, kadi ya sauti, spika na taa vinakula kama wati 250, hivyo usiku mzima wa kazi unapita na akiba inabaki. Kiyoyozi peke yake kinakula karibu kilowati nzima. Ukikiwasha muda wote, betri zimeisha kwa saa mbili na kidogo, na feni yake inasikika.

Hapa ndipo kuta za samaki zinapolipa. Tukifika jioni tunaomba umeme kwa mwenyeji, tunapooza boksi mpaka linakuwa baridi hasa, kisha tunazima kila kitu. Povu lile lisilojua sauti linajua joto vizuri mno. Ubaridi unadumu muda wa kutosha kurekodi nyimbo kadhaa kabla ya mashati kuanza kulowa, tunapumzika, tunapooza tena. Gari la bati tupu lisingeweza, ungekuwa umekaa ndani ya tanuri hata saa tatu usiku.

Onyo dogo: maiki zisilale kwenye boksi lililopoozwa. Ukiitoa maiki baridi nje, kwenye hewa yetu iliyojaa unyevu, inatoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu, na zile nyeti zaidi huanza kupasua na kufoka. Zangu zinakaa kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, na vipakiti vya kukausha, kwenye kabati la mbele kwa dereva.

Safari ya kwanza ya Pemba ilitufundisha mengine yasiyohusu vyombo. Kwanza sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Gari lisilojulikana, lina nyaya, linaegeshwa usiku karibu na nyumba za watu. Usipopita kwa sheha kwanza usishangae. Barua ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ilikuwa mfukoni na ilisaidia, ila kilichosaidia zaidi ni kwamba mmoja wa wazee wa kikundi alitangulia kutusemea. Pili, saa. Kabla ya magharibi kuna kunguru, pikipiki na watoto. Baina ya magharibi na isha nafasi ni finyu. Kazi ni baada ya isha, watu wameshaswali, wameshakula, wameshatulia. Mvua ikinyesha juu ya paa la bati hakuna kipaji kitakachokuokoa. Unakaa, unakunywa chai.

Tulikuwa tumeahidiwa ukumbi wa skuli. Una sakafu ya saruji, paa la bati na mwangwi unaorudi mara mbili. Nikaomba tuzunguke tutazame nyumba. Tukapata ya zamani, kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti, na mwenyewe akatandika mikeka yote aliyonayo pamoja na ya jirani. Chumba kile kimejengwa na watu wasiojua desibeli ni nini, na ni kizuri kuliko chochote ambacho ningeweza kukibeba juu ya magurudumu manne. Mpiga kinanda alichomeka chombo chake kwenye umeme wa nyumba, papo hapo ukaingia mngurumo wa hezi 50. Kisanduku chenye transfoma ndogo, kinachotenga umeme wa huku na wa kule, kikaumaliza. Kinagharimu kidogo kuliko chakula cha kikundi na ndicho ninachokisisitiza kwa kila anayeniuliza.

Kabla ya kuondoka tuliandika karatasi: nani katunga maneno, nani kaimba, nani kapiga nini, na kwamba rekodi ni mali ya kikundi, mimi nikiwa fundi niliyelipwa. Pana ubishi wa haki wa kutosha katika nyimbo za visiwa hivi bila ya mimi kuongeza wangu, na karatasi iliyotiwa saini usiku uleule inarahisisha mambo ukifika kusajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Nakala waliachiwa palepale, kwenye kadi za simu. Mzee wa kikundi alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akataka ubeti mmoja urudiwe kwa sababu mpinzani wake alimshinda hapo. Wengine wakakataa katakata. Ubeti umebaki ulivyo.

Kwa sasa kenta imerudi kwa Ami. Springi za nyuma zinaongezwa jani moja kila upande, maana kilima cha kutoka bandarini Mkoani kilituonyesha kuwa gari linakaa chini mno nyuma, na breki zinabadilishwa viatu. Ramadhani haina kazi ya muziki, hivyo muda upo. Mfungo mosi ukishapita na watu wamemaliza sikukuu, kuna kikundi cha ngoma ya msewe kinatusubiri, na wameshauliza kama kebo inafika uwanjani. Nimewaambia wapime hatua kutoka barabarani wanijibu.